Kwa nini niungame kwa padre, na siri yangu itabaki wapi?

*"Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Naishi wilaya ya Newala, nina mke na watoto watatu. Mara ya mwisho niliungama mwaka 2012, siku chache kabla ya kufunga ndoa. Baada ya hapo nilipata kazi ya kupima korosho kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, misimu miwili. Mimi na mwenzangu tulikuwa tunawapunja wakulima kilo moja kwa gunia, wakati mwingine mbili, na mwisho wa msimu tunagawana. Kazi niliiacha lakini jambo lenyewe halijaniacha. Komunyo napokea Krismasi na Pasaka ili watu wasiulize. Shemeji yangu, siku hizi anasali kwa walokole, anasema nimwombe Mungu moja kwa moja, padre ni binadamu mwenye dhambi kama mimi. Majirani zangu Waislamu nao wanasema toba ni kati ya mja na Mola wake. Paroko wetu ananijua kwa jina, jumuiya ikisali kwangu anakaa sebuleni kwangu. Kweli lazima nimwambie yeye? Akinitaka niende polisi? Akiwaambia wazee wa kigango? Na hata nikienda, maneno ya kuanzia nimeyasahau."*

Milele amina, ndugu yangu. Umeleta maswali matatu kwa pamoja: kwa nini padre, siri itakuwaje, na kilo za watu zitarudije. Shemeji na majirani wamekupa hoja, lakini nikisoma barua yako naona kinachokuzuia hasa ni hizo kilo. Nitajibu yote, na hapo kwenye kilo nitakaa zaidi.

Kwanza tahadhari. Ulichoniandikia si maungamo, na jibu hili si ondoleo la dhambi. Sakramenti ya Kitubio haitolewi kwa barua, kwa simu wala kwa WhatsApp. Wewe na padre lazima muwe mahali pamoja. Tena siri ya kitubio inalinda yale yanayosemwa katika kuungama. Haiulindi ujumbe uliobaki kwenye simu ambayo kesho mtoto wako ataichezea. Kwa hiyo usimwandikie padre yeyote dhambi zako kwa kirefu. Mwandikie tu kwamba unaomba nafasi ya kuungama, inatosha.

Sasa hoja ya shemeji. Amesema kweli katika jambo moja kubwa: anayesamehe dhambi ni Mungu peke yake. Kanisa Katoliki linafundisha hivyohivyo, na padre anayedhani anasamehe kwa uwezo wake amepotea. Swali linalobaki ni hili: je, Mungu ameamua msamaha wake utufikie kwa njia gani? Katika Injili ya Yohane, sura ya 20, jioni ileile ya siku ya Ufufuko, Yesu anawavuvia mitume na kuwaambia: "Pokeeni Roho Mtakatifu. Wowote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa. Na wowote mtakaowafungia dhambi, wamefungiwa." Soma aya hiyo polepole. Hawatumi kutangaza tu kwamba Mungu ni mwema. Anawapa mambo mawili, kuondolea na kufungia, na mtu hawezi kuchagua kati ya mawili hayo bila kusikia habari ya yule aliye mbele yake. Hapo ndipo kuungama kwa mdomo kunapotokea. Padre asiposikia dhambi, hana cha kuondolea wala cha kufungia.

Shemeji atakuletea barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Mwambie unaamini hivyo kwa moyo wote. Kisha muulize kwa upole: yeye alibatizwa na nani? Siku ya Pentekoste Petro aliwaambia watu wabatizwe wapate ondoleo la dhambi, na hakuna Mkristo anayejibatiza mwenyewe chumbani kwake. Mchungaji wake alimshika mkono, akamtia majini, na hakuna aliyesema mchungaji amemnyang'anya Kristo nafasi yake. Au mtazame Paulo. Bwana mwenyewe alimtokea njiani kwenda Damasko, akasema naye waziwazi. Angeweza kumaliza yote palepale. Badala yake alimpeleka mjini, kwa mtu mmoja aitwaye Anania, na ni Anania aliyemwambia: "Simama, ubatizwe, ukaoshe dhambi zako." Kama mtu aliyemwona Kristo uso kwa uso alitumwa kwa mwanadamu mwenzake, mimi na wewe tusione ajabu.

Kuhusu padre kuwa mwenye dhambi: ni kweli, na ndiyo maana mapadre nao wanaungama, maaskofu wanaungama, na Papa anaungama, kila mmoja kwa padre mwingine. Hakuna padre awezaye kujiondolea dhambi zake mwenyewe. Lakini nguvu ya sakramenti haitegemei usafi wa mhudumu. Mtakatifu Augustino alipambana na hoja hiyohiyo huko Afrika Kaskazini zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, na jibu la Kanisa halijabadilika: anayetenda ndani ya sakramenti ni Kristo.

Majirani zako Waislamu wanajibu kadiri ya imani yao, ambayo haina kuhani. Usibishane nao. Ila waulize kuhusu haki za waja, watakuambia kwamba aliyemdhulumu mtu mali yake toba yake haikamiliki mpaka airudishe. Katika hilo tunasema jambo moja, na tutalirudia hapa chini.

Usidhani pia kwamba hili ni jambo la Wakatoliki pekee. Waorthodoksi wanaungama kwa padre. Martin Luther aliacha maungamo ya faragha yaendelee kwa wafuasi wake. Na huko kwenu, Waanglikana wa Masasi walioipokea imani kwa wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana lililofika pale mwaka 1876, wana mapokeo ya kuungama kwa kasisi.

Lazima niseme ukweli mwingine. Namna tunavyoungama leo, kwa kunong'ona, mtu mmoja mmoja, mara nyingi kadiri unavyohitaji, haikushuka kutoka mbinguni hivyo ilivyo. Karne za kwanza, wenye dhambi nzito kama kuua, kuzini au kuikana imani walifanya toba ndefu mbele ya jumuiya, na mara nyingi nafasi hiyo ilitolewa mara moja tu maishani. Watawa wa Ireland ndio walioeneza Ulaya desturi ya kuungama faraghani na kurudia. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukaagiza kila Mkristo mwenye umri wa kutambua aungame walau mara moja kwa mwaka. Kiti cha kitubio chenye wavu kilienea karne ya 16. Kwa hiyo namna imebadilika. Kilichobaki tangu mwanzo ni mwenye dhambi anayejuta, anayekiri, na mhudumu wa Kanisa anayemwondolea kwa mamlaka ya Kristo.

Je, Mungu hawezi kukusamehe kabla hujafika kwa padre? Anaweza, na wengi hawafundishwi hili ipasavyo. Ukijuta kwa sababu umemchukiza Mungu anayekupenda, na siyo tu kwa kuogopa moto au aibu, hayo huitwa majuto kamili, nayo huondoa hata dhambi ya mauti palepale, mradi umekusudia kweli kwenda kuungama mapema iwezekanavyo. Majuto yasiyo kamili, yaani ya kuogopa adhabu, nayo ni mwanzo mwema, lakini yanahitaji sakramenti ili dhambi ya mauti iondolewe. Hapa ndipo padre anapokuwa msaada: nani kati yetu ana hakika kwamba majuto yake ni kamili? Wewe umekaa na jambo hili miaka. Bila shaka umemwomba Mungu msamaha usiku mwingi, na asubuhi umeamka na shaka ileile. Katika kitubio unasikia kwa masikio yako: "Nami nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maneno hayo hayategemei ulivyojisikia siku hiyo.

Wengine hudhani sala ya mwanzo wa Misa, "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu," inatosha. Sala hiyo ni njema na inasaidia kwa dhambi nyepesi, lakini haishiki nafasi ya sakramenti kwa dhambi ya mauti. Dhambi huwa ya mauti yakikutana mambo matatu: jambo lenyewe ni zito, ulijua ni zito, na ulilitenda kwa hiari. Kumpunja mkulima kilo moja ya gunia moja unaweza kubishana nami. Kuwapunja mamia ya wakulima misimu miwili kwa kupanga, ukijua mazao hayo ndiyo ada ya shule na chakula cha Januari, hapo sioni pa kubishana. Kwa hiyo kwako wewe, ndiyo, kuungama ni lazima.

Tuje kwenye siri. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 983, inakataza kabisa muungamishi, yaani padre anayeungamisha, kumsaliti aliyeungama, kwa neno au kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Si kwa askofu wake, si kwa mahakama, si kwa mke wako, hata kama kunyamaza kutamgharimu maisha. Padre anayevunja siri hiyo moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo haiondolewi na padre mwenzake wala askofu wa jimbo. Kuiondoa kumewekwa kwa Kiti cha Kitume, yaani Roma. Yeyote aliyesikia kwa bahati mbaya akiwa kwenye foleni naye amefungwa na siri hiyo.

Watu wengi hawajui kanuni inayofuata, ya 984. Padre haruhusiwi hata kuyatumia aliyoyasikia kwa namna itakayomwumiza aliyeungama, hata pasipo kumtaja. Maana yake, hata kama ungekuwa mtunza hazina wa jumuiya, paroko wako hawezi kukuondoa kwa sababu ya ulichoungama. Hawezi kuwadokeza wazee wa kigango wachague mtu mwingine. Akija kusali kwako wiki ijayo, hawezi kukuuliza "lile jambo limefikia wapi" isipokuwa wewe mwenyewe ulianzishe au umpe ruhusa. Na polisi? Tarehe 29 Juni 2019 Idara ya Toba ya Kitume, huko Vatikani, ilitoa maelezo rasmi kwamba hairuhusiwi kamwe kumwekea mtubu sharti la kujisalimisha kwa vyombo vya dola ili apewe ondoleo. Hivyo padre hatakuambia "nenda kituoni kwanza ndipo nikuondolee". Akisema hivyo, amekosea, nawe una haki ya kumwendea mwingine.

Lakini elewa mpaka wa jambo hili. Ondoleo la dhambi haliifuti kesi ya serikali, kama ipo. Na ikiwa mtu mwingine alisingiziwa au kufukuzwa kazi kwa upotevu mlioufanya ninyi, una wajibu wa haki wa kumsafisha jina, na hilo padre atalidai. Hujaandika kwamba lilitokea. Likiwa lilitokea, mweleze muungamishi, naye akusaidie kutafuta njia. Mambo ya kisheria yenyewe mwulize wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Padre si mwanasheria wako.

Sasa kilo. Kwa dhambi nyingi malipizi, yaani anachokuagiza padre ukifanye baada ya kuungama, ni sala au tendo jema. Kwa wizi kuna zaidi: kurudisha. Msamaha wa Mungu unaondoa hatia, lakini gunia la mtu bado limepungua. Zakayo alisema "nikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne", naye hakulazimishwa. Haki inadai walau kile kilichochukuliwa. Na kinachohitajika siku ya kuungama ni nia ya kweli ya kurudisha. Huhitaji kuwa na fedha mfukoni. Wengi hukaa mbali miaka kumi wakisubiri wapate hela kwanza, na hilo ni kosa.

Piga hesabu ya kadiri. Huwezi kujua kwa kilo, wala Mungu hakudai usichoweza kukijua. Tuseme msimu mmoja ulipima magunia 400 na kwa kawaida mlipunja kilo moja: hizo ni kilo 400, na fungu lako ni 200. Zidisha kwa bei waliyolipwa wakulima msimu ule, kisha fanya hivyo kwa msimu wa pili. Ukisitasita kati ya tarakimu mbili, chukua iliyo ya haki kwa mkulima. Mliokubaliana kudhulumu mnabeba deni pamoja. Wewe anza na fungu lako. Mwenzako akikataa kulipa lake, wakulima bado wamepungukiwa, na hapo padre akusaidie kuona kinachokudai wewe. Hili ni la kuzungumza ana kwa ana, siwezi kulikata kwa barua.

Kumrudishia nani? Kanuni ni mwenye mali kwanza. Wale unaowakumbuka, au unaoweza kuwapata katika majina ya wakulima wa kijiji, warudishiwe wao. Aliyefariki, warithi wake. Huhitaji kujitangaza: njia ya kawaida ni bahasha kupitia padre, naye humkabidhi mhusika akisema tu kwamba ni haki yake iliyorudishwa. Usitume kwa simu, jina lako litatokea. Mwambie padre waziwazi kwamba unampa ruhusa ya kufanya kazi hiyo, maana bila ruhusa yako hawezi kuligusa jambo hilo nje ya kitubio.

Usiowajua kabisa, fungu lao liende kwa maskini au kwa kazi ya manufaa, na ni haki lirudi kwenye vijiji vilevile vilivyopunjwa: mjane asiye na mtu, madawati, zahanati. Hapa nataka kusema kwa ukali kidogo. Kuna watu hutia fedha za dhuluma kwenye kapu la sadaka, au huchangia ujenzi wa kanisa na kutajwa jina, wakidhani wamemaliza. Sadaka haifuti deni la jirani unayemjua. Kanisa lisipewe fedha ya mkulima ambaye nyumba yake unaiona kutoka barazani kwako. Na wanaonunua korosho kwa kangomba, yaani nje ya mfumo rasmi, wakati familia ina njaa na mazao bado yako mtini, kwa bei ambayo mwenye mali asingeikubali kama angekuwa na unga ndani, nao waisome aya hii kama imeandikwa kwao.

Kama huna uwezo wa kulipa mara moja, lipa kidogo kidogo kila korosho zako zinapouzwa. Asiyeweza kabisa bila kuwanyima watoto chakula, wajibu wake unasubiri mpaka apate, ila haufutiki. Na kwa kuwa hela hiyo itatoka kwenye mfuko wa nyumba, fikiria kumwambia mkeo. Sheria haikulazimishi kumwungamia mke dhambi zako. Lakini mwanamke anayeona fedha ya msimu inapungua bila maelezo atatafuta maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi yatakuwa mabaya kuliko ukweli.

Uende kwa nani? Sheria inakupa uhuru wa kumchagua muungamishi yeyote halali. Si lazima awe paroko wako. Kuna faida ya kwenda kwake: anazijua familia, anaujua msimu, na bahasha atazifikisha bila shida. Kuna ugumu wake pia, na umeueleza mwenyewe. Ukiona kwamba aibu itakufanya ufiche sehemu, nenda kwa usiyemjua. Toka Newala upitie Masasi hadi Ndanda, abasia ya Wabenediktini ina watawa mapadre. Au ukiwa na safari ya Mtwara mjini au Lindi, ingia parokia yoyote uombe. Wakati wa Kwaresima parokia nyingi hualika mapadre wa jirani kuja kuungamisha pamoja, nayo ni nafasi nzuri ya kuketi mbele ya sura ngeni bila nauli. Maoni yangu: safari hii ya kwanza nenda kwa mgeni, uyaseme yote. Baadaye, kwa kazi ya kurudisha, ukipata nguvu, mwendee paroko. Kitu kimoja tu nakukataza, kusubiri siku ambayo hutaona haya. Mtakatifu Yeronimo aliandika kwamba mgonjwa akiona haya kumfunulia tabibu kidonda chake, dawa haiponyi kile isichokijua.

Epuka kuungama jambo la miaka 12 na zaidi kwenye foleni ya kigango dakika ishirini kabla ya Misa, wakati padre anaangalia saa na watu thelathini wako nyuma yako. Omba siku ya kazi, parokiani. Mwambie katekisti au padre mwenyewe: "Naomba nafasi ya kuungama, ni muda mrefu." Nusu saa inatosha. Hakuna malipo yoyote, na zaka uliyobakiza isikufanye uogope mlango.

Kabla ya siku hiyo, kaa mahali patulivu utafute dhambi zako kwa kufuata Amri Kumi na Amri za Kanisa. Unaweza kuandika kwenye karatasi, ila uichome baadaye. Dhambi za mauti zinatajwa kwa aina na kwa idadi, au kadiri: "karibu kila siku ya kazi kwa misimu miwili". Huhitaji hadithi ya kila gunia, wala kumtaja mwenzako kwa jina. Ungama zako, za mwenzako mwachie yeye. Zile Komunyo za Krismasi na Pasaka ulizopokea ukijua hali yako, nazo ni dhambi ya kutajwa. Watu huisahau hii kwa sababu ilikuwa kanisani. Kama uliacha Misa za Jumapili kwa uzembe, itaje pia.

Ukiingia, fanya ishara ya msalaba, sema: "Nibariki, Padre, kwa kuwa nimekosa. Sijaungama tangu mwaka 2012. Maneno nimeyasahau, naomba unisaidie." Hakuna padre atakayekushangaa kwa sentensi hiyo, ataushika mwendo yeye. Kisha sema, mathalani: "Kwa misimu miwili niliwaibia wakulima kwenye mizani, pamoja na mtu mwingine. Sijarudisha. Nataka kurudisha, sijui nianzeje." Anza na hiyo. Wengi huanza na matusi na hasira, wakiacha kubwa mwisho, na likifika mwisho ulimi unakauka. Ukimaliza, ongeza kwamba unajutia na zile usizozikumbuka. Padre atakuuliza maswali machache, atakushauri, atakupa malipizi, utasali sala ya kutubu, kwa maneno yako kama ile ya katekesi imekutoka, naye atakuondolea. Malipizi ukiona huyawezi, sema palepale abadilishe; usiyapokee ukijua hutayatimiza.

Dhambi uliyoisahau kwa kweli imesamehewa pamoja na nyingine. Ukiikumbuka, itaje safari ijayo. Dhambi ya mauti unayoificha kwa makusudi ni jambo jingine: inabatilisha maungamo yote, hata zile ulizotaja, na unatoka na moja zaidi. Ndiyo maana nimekazana kukushauri kuhusu padre wa kumwendea.

Hadi siku hiyo usikaribie Komunyo. Nenda Misa, kaa kwenye benchi wengine wakipanga mstari. Hakuna mwenye haki ya kukuuliza kwa nini. Usiku wa leo fanya tendo la majuto kwa Mungu, ukikusudia kwenda. Na kama ungepatwa na hatari ya kufa kabla ya hapo, padre yeyote anaweza kukuondolea, hata aliyeachishwa utumishi.

Baada ya kuungama, kama bado hulali, au unajikuta unarudia kuungama kilekile kila wiki ukihisi hakijasamehewa, mwambie padre mmoja umfuate huyo huyo, wala usizunguke kwa wengi. Na usingizi ukikataa kwa majuma, au ukiwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo uwaambie. Hilo si upungufu wa imani.

Huenda ukakutana na padre aliyechoka akakujibu kwa ukali. Ondoleo lake ni halali vilevile, na safari nyingine tafuta mwingine. Huenda pia, kwa nadra, akaahirisha kukuondolea, pengine kwa kudhani hujakusudia kurudisha mali za watu. Usitoke na hasira. Muulize anakosa kusikia nini, umwambie waziwazi ulichopanga: kiasi gani, kwa nani, kuanzia msimu upi.